Padri Aliyepapasa Mara Mbili

Mara ya kwanza nilipojaribu kumpunja, nilimpunja karatasi mbili. Alitaka hamsini, nikampa arobaini na nane, nikazifunga kwa kamba ya katani, fundo la heshima, nikamwekea mkononi. Yeye alikuwa kipofu na mimi nilikuwa dalali wa mnada pale Darajani. Nilivyofikiri, sina haja ya kueleza zaidi. Kamba hakuifungua. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa lile fungu, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho, kisha akanirudishia.

"Hesabu tena, bwana."

"Nshahesabu, Padri."

"Najua. Sasa hesabu ya pili."

Nikahesabu mbele ya watu. Tangu siku hiyo kila kitu nakihesabu mara mbili, na watu wa mjini wanasema ni uaminifu. Ni aibu tu, ilikaa muda mrefu ikageuka tabia.

Kwao wapi na nani alimzaa, sikumwuliza, naye hakunisimulia. Wako waliosema aliwahi kuona ujanani, wako waliosema hakuona hata siku moja. Ninachokijua ni cha miaka ile ya hamsini, alipokuwa akikaa chumba cha chini katika nyumba moja ya misheni huko Mkunazini, akisomesha vijana wawili waliotaka ushemasi, akihubiri zamu yake ya Jumapili, na saa zote zilizobaki akisoma Kiebrania kwa vidole.

Hakutembea na mtu wa kumshika mkono. Alikuwa na bakora, lakini nadhani aliibeba ili watu wampishe. Vichochoro vya mji alivijua kwa upepo: alisema kila njia panda ina pumzi yake, na kwamba mtu mwenye macho hupotea Shangani kwa sababu anatazama milango. Niliwahi kumfuata nyuma kimya kimya kutoka sokoni hadi kwake, nione kama atakosea. Alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Karibu ndani, Bwana Dalali. Umechoka kunyata."

Alikuwa mtu wa subira ya ajabu kwa mambo yasiyohitaji haraka. Neno moja la Kiebrania angekaa nalo wiki nzima, akiligeuza kama mwanamke anayechagua papai. Lakini chai ikichelewa kidogo tu alikasirika kama ofisa wa forodha. Alipenda dhumna, na alipenda kushinda kuliko inavyompasa mtu wa kanzu nyeupe. Barazani kwa jirani yangu muuza kahawa tulimkataza kuchanganya kete, kwa kuwa kete ikilala kifudifudi, vidole vyake vilipita chini yake vikasoma vitundu kabla sisi hatujajua nani ana nini.

"Unatuibia, Padri," muuza kahawa alimwambia.

"Mimi sioni kitu," akajibu, na kweli hakuona.

Mahubiri yake yalikuwa mafupi. Sikuingia kanisani, ila madirisha yalikuwa wazi na mimi nilikuwa na kawaida ya kupumzika kivulini upande ule. Alichukua neno moja tu, akasema kwa Kiebrania lilivyo, akasema Waswahili tumeliweka vipi, kisha akasema kilichoanguka njiani kati ya huko na huku. Waumini wengine walinung'unika kwamba wamekuja kusikia habari za mbinguni wakapewa darasa. Siku moja alikuja mhubiri mgeni kutoka bara, akamwekea mikono kichwani mbele ya watu wote, akamwombea kwa sauti kubwa macho yafumbuke. Padri aliinamisha kichwa mpaka mwisho, akasema, "Amina. Na magoti yangu pia, bwana, yananiuma zaidi."

Kisa alichokipenda kuliko vyote, na alinisimulia mara nyingi kwa kuwa kimo pia katika masimulizi yetu sisi Waislamu, ni cha yule mzee asiyeona aliyepapasa mikono ya mwanawe iliyovishwa ngozi ya mbuzi, akambariki asiyekusudiwa. Watu humlaumu mtoto, au mama. Padri alimlaumu mzee. "Alipapasa mara moja," alisema. "Masikio yalimwambia sauti si yake, naye akaridhika na mkono. Kipofu hana haki ya kupapasa mara moja."

Mimi na yeye tulifahamiana kwa karatasi. Maandishi yake hayakuwa ya wino. Alikuwa na kibao cha chuma chenye vijumba vidogo vidogo, na kichomeo chenye mpini wa mbao. Alibana karatasi, akadonoa nukta kutoka kulia kwenda kushoto, kisha akaigeuza akaisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mimi niliyesoma chuo cha Kurani, kulia kwenda kushoto bila kugeuza, nilimwambia hiyo ni safari ya kwenda Bububu na kurudi ili kununua kiberiti. Karatasi laini haikumfaa, ilipasuka. Alitaka ngumu, na ngumu mjini ilikuwa kazi kuipata. Nilimkusanyia majalada ya faili za ofisi zilizouzwa mnadani, kadi zinazowekwa ndani ya mashati mapya, kalenda kuukuu za madukani zenye picha za milima ya theluji. Kila moja aliikung'uta karibu na sikio kabla ya kuikubali. Zaburi zake zote zimeandikwa migongoni mwa milima ya theluji, na hakuna aliyepata kumwambia ila mimi.

Nami kwa upande wangu nilimwuzia sauti. Kiebrania, alinieleza, kina herufi zinazotoka kooni kama zetu za Kiarabu, na Wazungu waliomfundisha walizipitisha puani au waliziruka kabisa. Akataka nimtamkie ain na ha, ile ha nzito, pole pole. Haikumtosha kusikia. Aliniwekea vidole viwili kooni, pale pale mnadani, katikati ya vitanda vya chuma na mashine za kushonea. Watu wakakusanyika. Mchukuzi mmoja akauliza, "Mbona Padri anamnyonga Dalali?" Mwenzake akamjibu, "Bei. Ungekuwa wewe ungeshamnyonga zamani."

Kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa kunakili Zaburi yote kwa Kiebrania, mia na hamsini. Alisomewa na bibi mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu wa misheni, aliyemtajia herufi moja moja kutoka kitabu cha chapa, kila siku baada ya saa kumi alasiri. Waliifanya kazi hiyo kwa miaka minne. Ilipokamilika, yule bibi alikuwa mgonjwa, akapandishwa meli kurudi kwao, akaacha kile kitabu chake kwa Padri kama ukumbusho, kitabu ambacho Padri hakuweza kukisoma.

Karatasi zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Nilizihesabu mara mbili siku aliponikabidhi.

Sababu ya kunikabidhi ilikuwa hii. Aliitwa bara, kwenye mkutano wa wataalamu waliokuwa wanapitia upya tafsiri ya Zaburi kwa Kiswahili. Ulikuwa umebaki muda wa miezi mitano. Alikuwa wa pekee kati ya Waswahili wote walioalikwa aliyejua Kiebrania, na alilijua hilo, na halikumfurahisha kama nilivyodhani. "Nikienda na kitabu changu," aliniambia, "wakisema neno liko hivi, nitaweka kidole na kusema haliko hivyo. Nikienda mikono mitupu, watanipa kiti cha mbele, watanipiga picha, watanishukuru kwa kuja. Sitaki kuwa kipofu wa kupigwa picha." Lakini karatasi zilikuwa zimelala ovyo ndani ya sanduku la chai. Siku moja upepo wa kusi ulizitawanya chumbani, akatumia siku sita kuzipanga. Akataka zishonwe ziwe kitabu.

"Zishonwe tu," alisema. "Usiongeze kitu."

Sasa mwambie dalali asiongeze kitu.

Mjalidi niliyempelekea alikuwa mzee wa mtaa wa Malindi, fundi wa kujalidi misahafu, ambaye mji mzima ulimwita Maalim. Kazi yake ilikuwa safi mpaka watu wakiona haya kukifungua kitabu. Alizitazama zile karatasi zilivyovimba, akasikitika.

"Hizi zimekaa kama mkate wa ufuta. Nishone hivi hivi?"

"Ndivyo alivyosema mwenyewe."

"Aliyesema haoni. Maneno ya Mungu hayashonwi yamevimba. Mimi kila kitabu nakipiga nyundo kwanza kikalala, kisha nakitia kwenye jiliwa siku moja."

Jiliwa lake lilikuwa lile kubwa la mbao, lenye parafujo mbili nene kama mkono wa mtoto, la kubania vitabu mpaka vinyooke. Nami nikafanya kile nilichozaliwa kukifanya. Nikamwambia kitabu cha mtu mzima kama Padri, mtu wa dini, jirani, siku moja haikistahili. Nikaanza kwa siku tano. Tukapatana siku tatu, kwa ujira uleule. Nilitoka pale nikijisifu. Mjini hapakuwa na mtu aliyewahi kumwongezesha Maalim siku mbili za jiliwa bure.

Utauliza kama sikujua. Nilijua kwamba anasoma zile nukta. Ila niliona jinsi alivyozidonoa kwa chuma, nikaamini ni matundu, na tundu halifi kwa kubanwa. Miaka minne nilimletea karatasi tupu na sikuwahi kuweka kidole juu ya iliyoandikwa. Hata mara moja sikupapasa.

Nilimpelekea kitabu alasiri ya Alhamisi. Alinusa ngozi ya jalada akatabasamu. Alipitisha mkono mgongoni mwa kitabu, akasema Maalim ni fundi. Akakifungua mwanzo, akaweka kidole. Kidole kikaenda hadi mwisho wa karatasi, kikarudi. Akafungua katikati. Akafungua karibu na mwisho. Nikaona uso wake unafunga kama duka.

"Bwana Dalali, umeniletea kitabu cha nani?"

"Chako, Padri."

"Hiki hakijaandikwa."

Nikamwambia kimeandikwa, nnaona nukta kwa macho yangu. Na kweli zilionekana, alama hafifu. Akanishika kidole changu cha shahada akakiweka juu ya karatasi. Ilikuwa laini kama sahani; kumbe nukta zake hazikuwa matundu, zilikuwa vivimbe, navyo vilikuwa vimelazwa. Akaniuliza kimefanywa nini. Nikamweleza nyundo. Nikamweleza jiliwa.

"Siku moja?"

Ningeweza kusema moja. "Tatu," nikasema. "Nilimwongezesha."

Hakupaza sauti. Alikifunga kitabu, akaniomba niende. Na mtu huyo, aliyehubiri msamaha mara nne kwa mwaka nikiwa kivulini pale dirishani, hakusema nami kwa wiki tatu. Nikipita, nikikohoa, alikuwa akigeuza uso ukutani. Nilimweleza Maalim. Aliweka nyundo chini akasema, "Nimejalidi miaka arobaini, sijawahi kufuta neno." Siku hiyo alifunga kibanda kabla ya adhuhuri.

Wiki ya nne Padri alikuja mwenyewe mnadani, akapita baina ya viti na makabati mpaka aliponisikia nikinadi. Chini ya kwapa alikuwa na kile kitabu cha chapa cha bibi wa Kizungu, kimefungwa kwa leso.

"Shikamoo, Padri."

"Marahaba. Nna kazi ya kukuuzia."

"Kazi gani?"

"Utanisomea."

"Mimi sijui Kiyahudi."

"Hutasoma maneno. Utanitajia herufi. Maneno ni yangu."

"Herufi ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Za Kiarabu ishirini na nane. Nyinyi mmepunjwa sita."

"Basi utamaliza mapema," akasema, na nikajua tumepatana, ingawa kusameheana hakukutajwa, siku hiyo wala baadaye.

Sijui kama kuna mtu mwingine mwenye macho aliyefundishwa kusoma na kipofu. Alikuwa ameyakunja maumbo yote ishirini na mawili kwa waya, akayaweka ndani ya kopo la tumbaku. Alitikisa kopo, akatoa moja, akalipapasa, akanipa, nami nilitakiwa kulitaja. Nikikosea aliniamuru nifumbe macho nilishike kwanza. Kwa siku kumi na moja nilikuwa mwanafunzi mjinga kuliko wale vijana wake wawili, ambao walikuwa wakinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. Siku ya kumi na mbili tukaanza.

Kila alasiri nikitoka mnadani, nikiswali, nakwenda kwake. Nataja herufi, yeye anadonoa. Irabu alisema anazijua mwenyewe. Barazani maneno yakaenea, kama unavyoujua mji huu. Muuza kahawa akaniuliza mbele za watu, "Dalali, tunasikia umebatizwa."

"Bado tunapatana bei," nikamjibu.

Walicheka, lakini mzee mmoja hakucheka, akanitaka nijieleze. Nikamwambia Zaburi ni miongoni mwa vitabu vinne tunavyoviamini, na kwamba mimi ndiye niliyeifuta. Akanywa kahawa yake yote kabla ya kusema, "Ukimaliza uandishi, rudi. Usikae huko na chai."

Kwa miezi ile iliyobakia tulifika Zaburi ya hamsini na tatu. Sikuelewa hata neno moja, ila baadhi ya siku, herufi zikijipanga, nilisikia kitu nilichokijua kutoka kwenye Kiarabu, kama kumsikia jamaa yako akizungumza chumba cha pili. Padri alikuwa akisimamisha kichomeo na kunyamaza. Nilijifunza kutomharakisha. Katika saa moja ya ukimya wake ningeweza kumwuzia mtu saa ya ukutani, nikapata faida.

Alikwenda bara na Zaburi hamsini na tatu, na zilizobaki kichwani. Aliporudi nilikuwa bandarini. Nilimwuliza matokeo kama ninavyouliza mnada.

"Niligombania maneno kumi na mawili," akasema.

"Ukapata mangapi?"

"Moja."

"Hiyo si biashara, Padri."

"Lilikuwa zuri," akasema. "Na hawakunipiga picha."

Tuliendelea masika mawili na vuli moja mpaka tukamaliza zote. Karatasi zilirudi kuwa mia tatu na kumi na mbili, na sikupenda zilivyolingana, nikahesabu mara ya tatu. Tukaziweka katika lile sanduku la chai, juu yake kile kitabu kilichobanwa. Hakuna kati yetu aliyetamka neno jalada.

Kisha wakamhamishia upande wa Mbweni, apumzike, ingawa hakuomba. Nami nilikuwa na mnada na watoto, na Mbweni ni mbali kwa mtu anayesema kila siku kwamba atakwenda kesho. Nilikwenda mwishoni mwa miaka ile, kwa baiskeli, na kadi za mashati thelathini nyuma yangu. Nilimkuta amekaa, mikono mapajani, viganja juu. Nilimpa kadi. Hakuzikung'uta. Hakupitisha ukucha.

"Ngapi?" akauliza.

Hapo nikajua. Maradhi ya sukari yalikuwa yamemfisha ncha za vidole. Ganzi, alisema, toka Ramadhani iliyopita. Sanduku la chai lilikuwa pembeni ya kitanda.

"Sasa vile vitabu viwili vimelingana," alisema. "Chako na changu. Vyote vitupu." Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayesoma mizani. Kisha akasema, "Ila vijana wangu wawili wana vidole. Mmoja macho yake yanaanza kufifia, hajamwambia mtu. Atakihitaji. Karatasi zikibaki hivi, upepo utazichukua na sina tena wa kuzipanga. Kashone."

"Kwa Maalim?"

"Unamjua mwingine?"

Maalim aliponiona na lile sanduku alisimama. Nikamwambia safari hii nakaa. Nilikaa siku mbili nzima, sikunadi kitu. Nyundo aliiweka nje ya mlango, mwenyewe, ili mkono usijisahau. Alishona fungu kwa fungu, akiacha vipande vya kadi mgongoni ili kurasa zisigusane kwa nguvu, na mimi nikishika kila fungu kwa pembe zake tu. Kabla ya kila fungu nilifumba macho nikapapasa. Mara mbili. Kitabu kilipokwisha kilikuwa kinene kama mto wa kulalia, kimejaa hewa, hakifungiki sawasawa. Maalim alikitazama kwa huzuni ya kweli.

"Dalali, watu wakikuuliza nani amejalidi, usinitaje."

Nilikipeleka Mbweni nikiwa nimekipakata, baiskeli nikaiacha mjini. Padri alikipokea mapajani. Vidole vyake vilikwenda kwenye karatasi kwa mazoea, vikasimama, kwa kuwa havikuwa na habari yoyote. Nilitaka kumwambia niko, nitataja herufi. Lakini alikiinua kile kitabu kizito kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa, akaweka mdomo wake wa chini juu ya mstari wa kwanza, akausogeza pole pole, kushoto kwenda kulia. Kisha akarudi mwanzo akausogeza tena.

"Zipo," akasema.

Nilikuwa natazama nje, dirishani.

"Bwana Dalali. Siku za jiliwa, safari hii umeongezewa ngapi?"

"Hata moja."

"Umeanza kuzeeka," akasema, akarejesha mdomo kwenye karatasi, mstari wa pili.